Macbeth na turubai tisa: usizime taa, nakuomba

Mleta uzi unayeandaa Macbeth, igizo la Shakespeare, usimlipe fundi wa kuchora zile turubai tisa za mandhari. Kama umeshampa kianzio, hesabu kimekwenda na maji. Umeuliza mavazi, ngoma, na kama wavulana wanaweza kuigiza wachawi, halafu katikati umepachika kwamba taa zitazimwa kila onyesho (kipande kimoja cha igizo) likiisha ili mandhari yabadilishwe. Hapo ndipo igizo linapofia.

Piga hesabu. Macbeth katika matoleo mengi ya leo ina maonyesho 28, yaani mabadilisho 27. Kila moja likila dakika moja na nusu (na litakula, kwa sababu gizani lazima mtu ajikwae kwenye kiti cha mfalme), umewafungia watu gizani dakika 40. Wamejibu meseji zote, wameita bodaboda. Msiniulize nimejuaje.

Balaa lilianzia kwa wahariri. Toleo la 1623, la kwanza kuchapisha Macbeth, halina hata kichwa kimoja cha "chumba ndani ya ngome". Vichwa vya namna hiyo alianza kuvipachika Nicholas Rowe mwaka 1709, na waliomfuata wakaongeza chumvi. Kumbi za London zikavichukulia kama amri, mpaka mwigizaji na mwongozaji Beerbohm Tree akaleta sungura hai jukwaani. Na wakufunzi wa warsha bado wanakariri "kila onyesho na mandhari yake" utadhani waliachiwa wosia na Shakespeare. Unalipa ada, unapewa cheti, unakwenda kuua igizo.

Jukwaa la Globe, ukumbi wa kundi la Shakespeare London, 1599, halikuwa na pazia la mbele, na watu walicheza mchana kweupe. Tazama maiti tu: katika igizo lake jingine, Hamlet inabidi amburure mwenyewe Polonius aliyemuua, na mwisho yeye naye anabebwa na makapteni wanne, kwa sababu hakuna kitu cha kuwafunika. Usiku je? Katika Macbeth, Banquo anaingia na mwanawe Fleance, mwenge umetangulia, kijana anasema mwezi umeshatua. Basi, usiku umeingia na jua linawaka.

Kwa hiyo: wa mwisho hajamaliza kutoka, wa kwanza ameshaanza kusema. Mlango huu unatoa, ule unaingiza. Jaribu kwenye kifo cha Banquo, anayeuawa kwa amri ya Macbeth. Wauaji wambebe kutokea kushoto huku watumishi wakiingiza meza ya karamu kutoka kulia, mbele ya macho ya watu. Muda si muda muuaji anachungulia mlangoni, na Macbeth anamwambia ana damu usoni. Mtazamaji anashtuka kwa sababu ameiona ikimwagika sasa hivi, na meza imewekwa palepale ilipomwagikia. Weka giza hapo katikati, inabaki rangi nyekundu tu.

Vipimo: mkataba wa ukumbi wa Fortune wa London, 1600, unataja jukwaa la upana wa futi 43 linalofika katikati ya ua wa futi 55, yaani 43 kwa 27 na nusu, kama mita 13 kwa 8.4. Kwako chukua nusu, mita 6.5 kwa 4.2, chora kwa utepe sakafuni, viti pande tatu. Pima meza kabla ya kujenga milango, si baada. Tumia mabenchi badala ya viti. Benchi moja hubebwa na wawili na kukalisha wanne.

Mazoezi ya maungio, pale onyesho moja linapopokea jingine, yafanye peke yake: mistari miwili ya mwisho, miwili ya mwanzo, yote 27 mfululizo. Kosa la kawaida ni mwigizaji kusubiri mpaka mwenzake apotee ndipo aanze kutembea. Mwambie aanze kutembea kwenye mstari wa pili kutoka mwisho. Ukisikia kimya kinachozidi pumzi moja, rudieni.

Na atakayekuambia hiyo ni mitindo ya kizamani, mtajie waongozaji watatu: Poel aliirudia London 1893, Granville Barker akaichezea ukumbi wa Savoy 1912, Guthrie akaijengea jukwaa Stratford ya Kanada 1953. Kumbi nyingi mpya zinazowakalisha watu pande tatu zimefuata njia hiyohiyo.

Taa washa zote mwanzoni, fundi akae mbali na swichi. Pesa ya turubai nunua mienge miwili ya betri na meza inayopita mlangoni.