Muulize Mama Samaki: Ngege anaweza kunizalia kuhe?

SWALI: Shikamoo Mama Samaki. Nina mabwawa mawili ya ngege, yaani perege, hapa Mwandiga. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, wateja walinijaa, lakini kila wa pili aliulizia kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwani. Kijana wangu wa chuo anasema Wajapani wanamfanya samaki wa aina moja azae wa aina nyingine. Je, ngege wangu wanaweza kunizalia kuhe? Hawatakuwa chotara? Na mzee mmoja wa Katonga anadai gogogo wa ziwani, wale samaki wenye sharubu, wanafanya hivyo tangu zamani. Kweli?
Baba Neema, Mwandiga, Kigoma

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Kijana hajakudanganya. Aliyefungua njia ni Profesa Goro Yoshizaki wa Tokyo. Mwaka 2007 yeye na wenzake walitangaza kwamba salmoni aina ya masu wamezaa trauti, ndugu yao wa karibu.

Kwanza humwandaa mzazi tasa. Mayai yakisharutubishwa tu, wanayashtua, kwa mfano kwa joto, na samaki anatoka na seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) badala ya mbili. Anakua vizuri, ila mbegu zake mwenyewe hana. Kisha wanatoa kwenye korodani za trauti zile seli changa ambazo mbegu hutokana nazo, na kwa sindano ya kioo nyembamba mno wanazidunga tumboni mwa kifaranga aliyeanguliwa karibuni. Umri huo kinga ya mwili bado haijakomaa, kwa hiyo haimfukuzi mgeni. Seli zinatambaa zenyewe hadi kwenye viungo vya uzazi na kuweka makao. Linaloniacha mdomo wazi ni hili: zikiingia kwa jike, seli hizohizo zilizotoka kwa dume zinakuwa mayai! Madume na majike ya salmoni wale walipopandishwa, vifaranga walitoka trauti watupu. Uchotara haupo, maana mzazi anatoa tumbo tu, damu si yake.

Sasa pima faida. Yoshizaki anataka kibua amzalie jodari, kwa sababu jodari mkubwa wa kule hutaga akiwa na makumi ya kilo na anahitaji tangi kama uwanja, wakati kibua hutaga akiwa na gramu mia chache. Ngege wako je? Anataga mapema kuliko unavyotaka, bwawa linajaa vifaranga, wote wanadumaa. Kumtafutia mzazi wa kukodi ni kupoteza fedha.

Kuhe ndiye angestahili. Anakuwa mkubwa, anachelewa kutaga, na watafiti wanaamini hutaga mara moja tu maishani. Lakini kazi hii hufanikiwa zaidi kwa ndugu wa karibu, na kuhe na ngege, ingawa ni ukoo mmoja, wameachana mbali. Tena ni kazi ya maabara yenye darubini, si ya bwawa la Mwandiga. Na tafadhali, usiende kuchota vifaranga wa kuhe ziwani; wazazi wao wanawalinda kwa kujua hawatapata wengine.

Mzee wa Katonga ana hoja, ila ni jambo jingine. Gogogo mwenye madoa wa Tanganyika huchanganya mayai yake na ya samaki wanaoatamia mdomoni. Jike wa samaki hao anayaokota yote. Vifaranga wa gogogo huanguliwa mapema na kuwala wa mwenye mdomo humohumo. Huo ni ujambazi wa malezi. Uzazi wenyewe ni wa gogogo.

Kama shida yako ni samaki wakubwa wa kuuza, tenga madume, maana hukua haraka kuliko majike. Ngege akifika kama gramu 30, mgeuze tumbo juu, umfute kwa kitambaa, uangalie nyuma: dume ana matundu mawili, jike matatu. Ukiona shida, pakaza wino kidogo, matundu yatajionyesha. Bwawa moja jaza madume, bakiza majike wachache wa mbegu kwenye la pili, waliobaki mpelekee mama Neema awapike. Mawese Kigoma hayajawahi kukosekana.