Kupanga matokeo ya utafutaji kwa vipindi vya siku kwenye Elasticsearch

Ndugu yangu wa Dodoma, nimekuelewa: matangazo ya zabibu na alizeti yanayowekwa asubuhi yanaangukia kundi la alfajiri, na unataka kila kipindi kikae peke yake.

Shida ya kwanza ni saa. Elasticsearch, programu ya kuhifadhi na kutafuta data, hutunza muda kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa 3. Tangazo la saa mbili asubuhi linahifadhiwa kama 05:00, ambayo kwetu husomeka saa kumi na moja alfajiri. Usijumlishe 3 kwa mkono. Tumia kanda ya saa ya Africa/Dar_es_Salaam.

Pili, date_histogram, yaani njia ya kupanga makundi kwa muda, haitakufaa hapa. Inatenga saa za kila tarehe, kwa hiyo asubuhi ya Jumatatu na ya Jumanne hazitaungana kamwe. Mimi huongeza sehemu (field) mbili kwenye kila tangazo wakati wa kuingiza data: saa (0 hadi 23) na kipindi, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kipindi kinakuokoa hasa na usiku, maana unavuka 00:00 na ukitumia namba tupu unakatika vipande viwili. Kisha panga kwa terms, inayoweka pamoja matangazo yenye thamani ileile. Ukipanga kwa saa, weka size (idadi ya makundi) 24, kwani bila hivyo unapata makundi 10 tu. Hili lilinipotezea siku nzima.

Data ya zamani irekebishe kwa _update_by_query, amri ya kubadilisha data iliyokwisha kuhifadhiwa, ila chukua nakala rudufu kwanza, tafadhali. Kama wateja wanautumia mfumo sasa hivi, mwite msimamizi wa seva mfanye pamoja usiku.