Ripoti ya altrasaundi ya shingo: kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoanza kwenye chumba cha altrasaundi hapa Moshi, shingo iheshimuni. Ni eneo dogo, mashine inaliona vizuri, na ndiyo maana watu huliandikia ripoti ya mistari miwili. Ripoti hiyo itasomwa na daktari wa Same au Rombo ambaye picha zako hatazioni. Ukimwandikia "uvimbe kwenye thairoidi (ile tezi ya mbele ya shingo), amwone daktari", umemrudishia mzigo wake, maana daktari mwenyewe ndiye yeye. Anachotaka kujua ni kimoja: mgonjwa apelekwe KCMC, hospitali yetu ya rufaa, akachomwe sindano ya kuchukua sampuli, au abaki nyumbani akifuatiliwa?

Msitishwe na ukubwa. Atakuja mama mwenye rovu linaloonekana hata kabla hajavua mtandio, ndani mna vinundu chungu nzima vilivyojaa vitundu vya maji kama sifongo. Kwa hesabu ya alama nitakayowaonyesha sasa hivi, hivyo hupata sifuri, sindano ya nini? Anaweza kupasuliwa kwa sababu linambana koo, ila hiyo ni habari nyingine. Baada yake atalala binti ambaye ukimtazama shingo huoni kitu, na huyo ndiye atakayewatoa jasho.

Mfumo wa TI-RADS, wa kupanga vinundu vya thairoidi kwa kiwango cha shaka, wa ACR (chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani), uliotoka 2017, hutoa alama kwa mambo matano: kilichomo ndani, weusi au weupe, umbo, kingo, na nukta nyeupe. Tumchukue huyo binti. Kinundu chake ni nyama tupu, hakina maji: 2. Ni cheusi kuliko tezi inayokizunguka: 2. Kingekuwa cheusi kuliko hata misuli ya mbele ya shingo, zingekuwa 3. Kwenye picha ya kukata mlalo, kimo chake kinazidi upana: 3. Jumla 7, yaani TR5, kundi la shaka kubwa kuliko yote kati ya TR1 hadi TR5, na kundi hilo huchomwa sindano kuanzia sm 1. TR4 husubiri ifike sm 1.5, TR3 sm 2.5. Chake kina sm 1.2, basi anakwenda.

Alama za umbo hupotea kirahisi. Ukikandamiza probu, kile kichwa cha mashine unachokishika, kinundu kilichosimama kinalala. Weka jeli ya kutosha, legeza mkono. Nukta nyeupe nazo zikuzeni kwenye skrini kabla ya kuzihesabu: yenye mkia mpana unaoburuzika chini yake haina alama, ila zile ndogondogo zisizo na mkia ni 3.

Halafu msifunge kazi bila kupanda pembeni mwa shingo, pande zote mbili. Tezi za limfu kila mtu anazo, na iliyo bapa yenye kiini cheupe katikati ni ya kawaida, hasa zile za chini ya taya ambazo huwa kubwa kidogo. Pima kipenyo kifupi, siyo kirefu. Andika upande na kanda ya shingo ilipo, kuanzia I hadi VI. Inayotia shaka ni ya mviringo, iliyopoteza kiini, yenye vimaji au nukta nyeupe ndani, au mishipa inayoizunguka kwa nje. Hata hivyo, kwetu huku kuna kifua kikuu. Tezi zilizogandana, katikati nyeusi, nyama ya jirani imevimba: usikimbilie kuandika kansa imesambaa. Eleza ulichokiona, pendekeza sampuli ipimwe na TB pia.

Jinsi thairoidi inavyofanya kazi, picha haisemi. Hilo ni la damu, kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi.

Mgonjwa atakuuliza akiwa bado anafuta jeli: "Kwa hiyo mwanangu, ni kansa?" Mimi hujibu, "Mama, mashine hii haiwezi kusema hivyo. Inatuambia kama kuna haja ya sindano." Usimwambie hakuna shida, wala usikunje uso. Vinundu vingi mno si kansa, hilo mwambie. Na kama umeandika TR4, mfafanulie palepale kwamba hiyo si hatua ya nne ya kansa, kwa sababu mtoto wake ataitafuta kwenye simu kabla hawajafika stendi, na usiku huo nyumba nzima haitalala.

Kwa asiyechomwa sindano lakini anahitaji kufuatiliwa, andika vipimo vyote vitatu vya kinundu na mahali kilipo, kisha msisitize aje na karatasi hiyo mwakani. Atakayempima wakati huo huenda si wewe.