TCC si TCCL: kuijua alama ya hisa kabla ya kutuma oda

Swali: Nimeweka akiba ya mauzo ya viazi, nataka kununua hisa za Tanga Cement. Dalali ananiambia oda iwe na alama ya kampuni. Kwenye jedwali la bei naona TCC, TCCL na TPCC. Ipi ndiyo yenyewe, na nitahakikishaje?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Jibu: Yako ni TCCL. TCC ni kampuni ya sigara, na TPCC ni Twiga Cement, kwa jina rasmi Tanzania Portland Cement. Umefanya vizuri kuuliza mapema, kwa sababu mfumo wa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) unafuata alama. Ukisahau L ya mwisho, oda yako inaingia kwenye foleni ya sigara. Ikishakutana na muuzaji, biashara imefungwa, na njia iliyobaki ni kuziuza hisa hizo na kulipa kamisheni kwa mara ya pili.

Fungua tovuti ya DSE au programu yake ya Hisa Kiganjani, nenda kwenye orodha ya kampuni, utafute kwa jina kamili la kampuni. Usitafute kwa jina la bidhaa wala kwa kubahatisha kifupisho, maana vifupisho havina kanuni moja: Vodacom Tanzania ni VODA, Swissport ni SWIS, TATEPA ya chai ni TTP. Ukiipata, inakili herufi kwa herufi. Kwenye fomu ya oda andika alama na jina kamili pamoja, kisha namba ya akaunti yako ya CSD (daftari kuu la kutunzia hisa), neno "kununua", idadi ya hisa na bei ya juu kabisa unayokubali. Jina na alama vikipingana, dalali makini atakupigia simu kabla ya kuingiza oda. Alama peke yake haimpi cha kulinganisha.

Angalia pia tarehe ya jedwali. Taarifa za zamani za DSE ziliandika SIMBA kwa Tanga Cement na TWIGA kwa Twiga. Kampuni ikibadili jina, alama nayo huweza kubadilika: African Barrick Gold ilikuwa ABG, ikawa Acacia, ACA, na mwaka 2019 ikaondoka sokoni kabisa.

Swali: Bei ya NMB niliyoiona mtandaoni hailingani kabisa na ya dalali wangu. Nani anakosea?
*Msomaji, Mafinga*

Jibu: Huenda hakuna anayekosea. Alama ni ya soko moja tu, si ya dunia nzima. Nepal nako kuna benki yenye alama NMB, na mtambo wa kutafutia mtandaoni unaweza kukuletea bei ya huko kwa rupia. Hata kampuni ileile hubadili alama ikivuka mpaka: Kenya Airways ni KQ Nairobi na KA Dar es Salaam, Jubilee ni JUB kule na JHL hapa. Na VOD ya Johannesburg ni Vodacom Group, kampuni mama, si VODA yetu.

Kwa hiyo soma kwanza jina la soko na sarafu. Tovuti nyingine huongeza TZ baada ya alama, mfano CRDB TZ. Ukibaki na shaka, omba namba ya ISIN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha hisa, yenye tarakimu na herufi 12. Ya kampuni ya Tanzania huanza na TZ. Ya KCB, benki ya Kenya, huanza na KE hata hisa zake zikiuzwa Dar es Salaam.

Swali: Alama ya Tembo Cement ya hapa Songwe ni ipi? Nimetafuta nimechoka.
*Msomaji, Mbalizi*

Jibu: Haina. Mbeya Cement, watengenezaji wa Tembo, haijaorodheshwa DSE, na kampuni isiyoorodheshwa haipewi alama. Mtu akikuletea "hisa za Tembo za DSE", usimpe hata shilingi.