Barua kwa mwanangu: yale manyoya uliyookota kando ya ziwa

Neema mwanangu,

Marahaba. Huku Mang'ola hatujambo. Vitunguu vimetoka shambani salama, na bei ni ile ile ya kugombana na madalali. Mama yako anakusalimu, anauliza kama ile baridi ya Minnesota imeshaanza au bado inawavizia.

Umeniandikia kwamba umejiunga na watu wanaopiga upinde wa mbao, kwamba mishale ya dukani inakula hela, na kwamba umeokota manyoya ya bata bukini kando ya ziwa, mfuko mzima, pamoja na unyoya mmoja mkubwa wa kahawia unaodhani ni wa tai. Unauliza kama yanafaa kufungwa kwenye mishale, na kama nakumbuka Wahadzabe, wale wawindaji wa huku kwetu, wanavyofunga ya kwao. Nakumbuka vizuri. Na manyoya yako yanafaa kabisa, ila usiyatumie. Nianze na hapo, maana ndipo penye hatari.

Huko Marekani kuna sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Ilitungwa wakati ndege walikuwa wanauawa kwa wingi ili manyoya yao yapambe kofia za akina mama wa mjini. Sheria hiyo haiulizi kama umemuua ndege au umeokota tu alichodondosha, kwa sababu unyoya uliookotwa na unyoya uliotokana na ndege aliyepigwa ukiviweka mezani havina tofauti, na kila jangili angesema ameokota. Kwa hiyo hata kuwa nayo ni kosa, na bukini wa porini mnaowaona kila bustani wamo ndani yake. Bukini aliyewindwa kwa leseni ana utaratibu wake, lakini wewe huna leseni. Unyoya wa tai ndio mbaya zaidi: tai wana sheria yao peke yao tangu mwaka 1940, na wanaoruhusiwa kuwa na manyoya yake ni wenyeji wa asili waliosajiliwa katika makabila yao, kwa ajili ya ibada. Urudishe ulipoutoa, leo, kabla hujaupiga picha na kuirusha kwenye simu.

Usidhani ni ukali wa Wamarekani tu. Hapa kwetu, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, unyoya wa ndege wa porini ni nyara kama ilivyo ngozi ya chui, na unajua mtu aliyekutwa na nyara za serikali anavyopata tabu kujieleza. Wahadzabe wana njia yao ya kuishi kwa kuwinda, sisi wakulima wa vitunguu hatuna.

Sasa kazi yenyewe.

Watu wengi hudhani manyoya yanausaidia mshale upae. Hapana, yanauzuia. Upote, yaani uzi wa upinde, ukiachiwa, mshale hauondoki umenyooka, unajipinda huku na huku ukizunguka mti wa upinde, na mkia unataka kwenda kombo. Manyoya yanashika hewa, yanauvuta mkia nyuma, nao mshale unanyooka. Ukiyafunga kwa mshazari kidogo, mshale unajizungusha pia, na hapo unatulia zaidi. Kichwa kikiwa kipana kama kile cha chuma, kinashika upepo kwa mbele na kubishana na mkia, kwa hiyo unahitaji manyoya marefu zaidi. Mshale wa ncha ya mti tu unaridhika na kidogo. Wewe unayelenga shabaha ya karatasi, sentimita 10 hadi 12 zinakutosha.

Plastiki za dukani zinafaa kwa zile pinde za vyuma zenye kishikio cha mshale. Kwenye upinde wako wa mti, mshale unapita ukiusugua upinde, na plastiki ikigusa inaruka. Unyoya unalala, unapita, unasimama tena. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na ndege.

Wahadzabe niliowaona wakifanya kazi hii hawana haraka nayo. Mtu anakaa chini ya mti na uti wa mshale, anaupasha kwenye moto, anauuma kwa meno na kuupinda hadi unyooke, analifunga jicho moja, anaangalia, anauuma tena. Manyoya nimeyaona ya kanga, nimeyaona ya tumbusi. Anachana unyoya katikati ya shina, anakwangua, analaza ubapa, yaani upande mmoja wa unyoya wenye nyuzi, kwenye uti. Kisha anachukua kano, ule uzi unaochambuliwa kwenye mgongo wa swala, anauweka mdomoni na kuutafuna hadi ulainike, huku anaendelea kupiga soga kwa upande mwingine wa mdomo. Kano ikiwa mbichi inanata yenyewe, haihitaji gundi wala fundo. Ikikauka inajikaza, hata kwa kucha huibandui. Chembe za chuma wanazipata kwa Wadatoga, jirani zao wafugaji, mara nyingi ni misumari iliyofuliwa, na hizo ndizo zinazopakwa sumu ya mimea. Hilo la sumu sikufundishi, na hukuuliza.

Tumbusi siku hizi haonekani kama zamani. Wafugaji wanaofiwa na ng'ombe wanatia dawa ya mashambani kwenye mzoga ili wamuue simba au fisi, na wanaoshuka wa kwanza ni tumbusi, kundi zima. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliingizwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ndiyo maana nikiona mshale wenye unyoya wa tumbusi sasa hivi nauangalia mara mbili.

Wewe tumia bata mzinga. Upo Minnesota, jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga, halafu unaokota manyoya ziwani! Manyoya mengi mnayouziwa dukani kwa ajili ya mishale ni ya huyo huyo, yamepakwa rangi tu. Tafuta mfugaji mdogo kabla ya ile sikukuu yao ya Novemba, mwambie akuwekee mbawa. Kwao ni takataka. Bukini wa kufugwa naye ni mzuri, tena anavumilia unyevu. Waingereza walipiga vita vyao vya pinde kwa unyoya wa bukini, hadi mwaka 1417 mfalme wao Henry wa Tano akaagiza kila bukini anyofolewe manyoya sita ya bawa kwa ajili ya jeshi. Fikiria afisa wa serikali anazunguka vijijini kukagua mabata.

Ukizipata mbawa, zifunge kwenye mfuko uziweke kwenye friza siku kadhaa, utitiri na mayai ya nondo vife. Nawa mikono, kuna mafua ya ndege. Kisha chagua manyoya marefu ya bawa, yaliyo magumu. Ya kifuani ni ya mito ya kulalia.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma polepole. Unyoya wa bawa la kulia na wa bawa la kushoto umejipinda tofauti. Mshale mmoja uvae manyoya ya upande mmoja tu. Ukichanganya, mmoja unauzungusha mshale huku na mwingine unaurudisha kule, na wewe utalaumu upinde. Kuujua upande, ushike unyoya ncha yake ikiwa mbali nawe, uso wenye mfereji wa shina ukiwa chini. Ubapa mwembamba ukiwa kushoto, huo ni wa bawa la kulia. Ukiwa kulia, ni wa bawa la kushoto. Yatenge kwenye mafungu mawili kabla hujashika wembe, maana ukishayachana ni vigumu kuyajua.

Chana kwa kufuata mfereji ulio chini ya shina, ukianzia kwenye ncha. Unabaki na ubapa mpana. Ule mwembamba tupa. Kwangua ule uboya mweupe wa ndani, kisha sugua kwa msasa uliolazwa mezani hadi shina liwe jembamba kama karatasi na bapa pande zote. Usipofika hapo, unyoya utasimama umepinda kwenye uti na hakuna gundi itakayoushika.

Laza matatu, yakigawana mzunguko sawasawa, upande wa shina nene ukitazama mbele kwenye kichwa cha mshale na ncha zikitazama upote, ili nyuzi zilalie nyuma. Acha sentimita mbili au tatu kutoka kwenye mkato wa upote, vidole vipate pa kukaa. Unyoya mmoja uelekee nje, mbali na upinde, na hayo mawili yapite ubavuni mwake. Gundi yoyote ya mbao inatosha, halafu funga uzi mbele na nyuma. Ukitaka uimara, zungusha uzi kupita katikati ya nyuzi za unyoya, ukizitenganisha kwa sindano. Yule mtu aliyekutwa kwenye barafu mpakani mwa Italia na Austria mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na mishale 14 kwenye podo. Miwili tu ndiyo ilikuwa imekamilika, na manyoya yake matatu matatu yalikuwa yameshikwa kwa lami ya mti na kuzungushiwa uzi hivyo hivyo. Njia haijabadilika, kwa sababu hakuna cha kuongeza.

Kile kifungo cha mbele ndicho nitakachokukagulia. Mshale unapita juu ya ngumi inayoshika upinde, na shina la unyoya lililobaki limetokeza litaingia kwenye nyama ya kidole kwa kasi yote ya upinde. Lichonge liwe mteremko, lizungushie uzi hadi lifunikwe kabisa, paka gundi juu yake, kisha pitisha kidole gumba kutoka mbele kwenda nyuma. Ukihisi chochote, fungua uanze tena. Kabla ya kila kurusha pitisha kidole hicho hicho, kwa sababu uzi unalegea.

Kukata umbo subiri hadi gundi ikauke. Mkasi unatosha, wengine wanatumia waya wa moto, na nyumba nzima inanuka nywele zilizoungua. Usianze na waya ndani ya chumba cha kupanga.

Ukimaliza wa kwanza nitumie picha ya hicho kifungo cha mbele, kwa karibu, kwenye mwanga. Picha ya shabaha sihitaji. Na ukiongea na huyo mfugaji, muulize na bei ya vitunguu huko, niwaonyeshe madalali.

Baba yako