Kwanza niambieni mgeni huyo anatembea na nani

Swali lenu la wiki hii, kama mgeni anayefika katika mji asioujua amlipe mwongozaji au azunguke mwenyewe kwa miguu, limenishughulisha tangu nilipolisoma, na ninaomba nafasi ya kulijibu kwa kirefu. Wengi wamekwisha kuandika kuhusu gharama na usalama. Mimi naona kwamba kabla ya kumjadili mwongozaji, ni lazima tuulize mgeni huyo ameandamana na nani, kwa maana mtaa unaomfungia mlango kijana aliyeshika simu mkononi huweza kumfungulia kijana huyo huyo akiwa ameandamana na shangazi yake.

Nasema hivyo kwa sababu ya Mombasa. Mimi na shangazi yangu ni watu wa Kitale, na kabla ya safari ninayoisimulia hakuna kati yetu wawili aliyewahi kuiona bahari. Marehemu baba yangu aliwahi kufanya kazi huko akiwa kijana, na kila aliporudi likizo alimsimulia dada yake habari za Bandari ya Kale, jinsi majahazi yalivyofika na upepo wa kaskazi yakiwa yamebeba tende, mazulia na samaki wa chumvi, na jinsi yalivyongoja kusi ili yarejee Arabuni na shehena ya boriti. Shangazi aliyatunza masimulizi hayo miaka mingi. Tulipoteremka kwenye treni pale Miritini na kupanda matatu ya kwenda mjini, hakuniuliza habari za fukwe wala hoteli. Aliniuliza bandari hiyo iko upande gani.

Kesho yake asubuhi tuliingia Mji wa Kale kutokea Marikiti, kwa kufuata barabara ya Langoni. Ninyi mnaoufahamu mtaa ule mnajua kinachofuata. Vichochoro vinazidi kuwa vyembamba, roshani za mbao zinakaribiana juu ya kichwa, na ramani ya simu inabaki kukuonyesha ukiwa juu ya paa la nyumba ya mtu. Mimi nilitaka tushike njia yoyote inayoteremka, kwa kuwa bahari haiwezi kuwa mlimani. Shangazi alikataa. Alisema hawezi kupita kwenye milango ya watu kama mtu anayefukuzwa, akanitaka niweke simu mfukoni.

Sehemu fulani ya Kibokoni palikuwa na mama aliyekaa kizingitini akiuza mahamri na mbaazi, sufuria yake ikiwa imekaribia kwisha. Shangazi hakumwuliza njia. Alimsalimu, akaulizia hali ya nyumbani, akauliza kama biashara ya asubuhi imekwenda vizuri, akanunua mahamri yetu na kuomba ruhusa ya kukaa barazani. Yule mama akasogeza meza yake, akasema, "Ndooni mukae, mwatoka wapi?" Kutoka hapo mimi nilikuwa msikilizaji tu. Waliposikia kwamba mmoja anatoka kwenye mahindi na mwingine ananunua unga kila siku, walianza kuulizana bei ya gunia kule Trans Nzoia na bei ya pakiti hapa mjini, na ni nani anayekula faida iliyo katikati. Shangazi alieleza jinsi mahindi yanavyooza ghalani mvua ikikawia kuisha wakati wa kuvuna. Mama wa mahamri alieleza jinsi maisha ya mtaa ule yalivyobadilika, maana meli kubwa zilikwisha kuhamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na majahazi yanayofika Bandari ya Kale siku hizi ni machache ukilinganisha na yale aliyoyaona utotoni mwake. Hapo ndipo Shangazi aliposema kwamba bandari hiyo ndiyo aliyoijia.

Akaitwa mjukuu, mtoto wa shule ya msingi, akaagizwa atupeleke. Sijapata kuongozwa vile. Alikwenda kwa mwendo wa Shangazi, akasimama kila aliposimama, akitutajia nyumba ya fundi cherehani, madrasa anakosoma, na mlango wenye nakshi ambao mwenyewe alikuwa amekataa kuuuza. Alitupitisha kwenye Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ulianzishwa mwaka 1570, yaani kabla Wareno hawajajenga ngome yao, Ngome ya Yesu, na yeye alichotueleza ni kwamba babu yake huswali pale. Tulipofika kwenye uwazi ulio mbele ya Bandari ya Kale, tukaona mashua chache zimefungwa na wachukuzi wakipakua magunia, Shangazi alisimama kimya muda mrefu, kisha akaniambia baba yako hakuongeza chumvi. Alitaka kumpa mtoto pesa; mtoto akasema bibi yake amemkataza. Basi siku iliyofuata tulirudi kwenye kizingiti kile na sehemu ya maharagwe tuliyokuwa tumewaletea wenyeji wetu, na mazungumzo ya unga yakaendelea pale yalipoachwa.

Kwa safari ile pekee ningejibu swali lenu upesi: tembeeni kwa miguu, nendeni na mkubwa wenu, na pesa za mwongozaji mnunulie mahamri. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyokumbuka mambo mawili yanayonizuia.

La kwanza ni Ngome ya Yesu yenyewe. Pale langoni tulimlipa mwongozaji, na bila yeye tungeona kuta tu. Alituonyesha jinsi ngome hiyo, iliyoanzwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ilivyopangwa kwa umbo la mwili wa mtu. Alisimulia jinsi Waomani walivyoizingira ngome mwaka 1696 hadi 1698, jinsi maradhi yalivyowamaliza waliozingirwa kuliko silaha, na akatusimamisha mbele ya vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa ikazama mwaka 1697 chini ya kuta hizo hizo. Alitueleza pia kwamba Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela hadi mwaka 1958. Hayo huyapati barazani, hata ukae hadi magharibi.

La pili ni zito zaidi kwangu. Baadaye nilirudi Kibokoni na vijana wenzangu, tukapita vichochoro vile vile, na hakuna aliyetuitia mjukuu. Tulitazamwa, tukajibiwa salamu, tukaachwa tupite, na naona walikuwa na haki. Mtaa ule ni nyumbani kwa watu. Wanawake wanapika milango ikiwa wazi, watoto wanakwenda madrasa, na mgeni asiyekuwa na wa kumdhamini hana sababu ya kutarajia kuketishwa. Ukarimu ule ulimjia Shangazi kwa umri wake na kwa adabu ya salamu zake, nami nikapita chini ya mwavuli huo.

Kwa hiyo mkitaka neno moja la kuchapisha, kati ya mawili mliyoyataja nachagua mwongozaji, jambo ambalo sikudhani ningeliandika nilipoanza barua hii. Lakini awe mtu wa mtaa huo huo, si yule anayekudaka ukishuka tuktuk. Bei ikubaliwe kabla ya hatua ya kwanza. Na akishakutambulisha kwa watu asubuhi ya kwanza, muage na uendelee mwenyewe. Ukiwa na mzee, mwendo uwe wake, na utafute kivuli kabla ya saa sita, kwa maana jioni ile miguu ya Shangazi ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Naye aliye na shangazi kama wangu anaweza kungoja kumlipa mwongozaji hadi afike kwenye lango la ngome, mradi hana treni ya kuwahi alasiri hiyo.