Stoo imejaa kompyuta mbovu? Wa skrepa asubiri kwanza

Mwalimu, umesema stoo ya shule yenu imejaa kompyuta mbovu na mkuu wa shule anataka aitwe mtu wa vyuma chakavu azizoe zote kabla ya likizo. Mimi nashughulika na maabara ya kompyuta chuoni, na nakushauri umzuie kidogo.

Aanze fundi. Nyingi zinazoitwa mbovu bado nzima. Ikiwaka huku tarehe imerudi nyuma miaka, mara nyingi inadai kibetri cha madabodi (ubao mkuu wa ndani) tu, kile cha duara cha volti 3. Ikipiga mlio bila kuonyesha kitu, chomoa RAM (kile kibao chembamba cha kumbukumbu), sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, rudishia. Kwetu zilifufuka za kutosha kujaza meza ya nyuma.

Kazi ipo kwenye zilizokufa kweli. Monita ya chogo wa skrepa anaivunja shingo, anang'oa koili ya shaba, kioo anakiacha hapohapo nyuma ya vyoo. Kioo hicho kina madini ya risasi, na nimeshakuta watoto wanakichezea. Betri za UPS (kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) nazo ni risasi na tindikali. Zilizovimba zitoe, zikae wima kwenye beseni la plastiki kivulini. Diski za kuhifadhia kazi (hard disk) ndizo watu husahau, wakati alama za wanafunzi zimo humo hata baada ya kufutwa. Zitoboe kwa drili hadi sahani za ndani (vaa miwani, za laptop nyingi ni za kioo).

Halafu karatasi, na hapa ndipo watu hukwama. Shule ikiwa ya serikali, kompyuta iliyokufa bado ni mali ya umma mpaka ifutwe kwenye leja, na hilo linapitia wahakiki mali wa Wizara ya Fedha. Faili letu lilirudishwa kwa sababu orodha haikuwa na namba za vifaa. Kwa hiyo andika namba, mwaka wa kununuliwa na kasoro ya kila kimoja. Kibali cha kuzifuta kikitoka, tafuteni mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira la Tanzania. Taka hizi zina kanuni zake tangu 2021. Akuonyeshe kibali, akuachie hati ya makabidhiano. Kwa kompyuta tano hatafunga safari, unganeni na shule za jirani.

Na mkiletewa msaada wa kompyuta zilizotumika, ziwasheni moja moja mbele ya aliyeleta kabla mkuu hajasaini. Isiyowaka aondoke nayo.